Bahari Ilivyojadiliwa Daraja Mbili

Kijiwe chetu kiko Daraja Mbili, hapa Arusha, ubavuni mwa ghala lililokuwa la ushirika, ambalo siku hizi amelikodi mfanyabiashara wa magodoro. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, umebonyea katikati, na kila mtu ana sehemu yake. Ukikaa pasipo pako utaangaliwa mpaka usogee mwenyewe. Mimi ndiye Shamsudin, mwenye birika. Nauza kahawa na kashata kuanzia alasiri, na nisingekuwa na roho nzuri ningekuwa nimeshafunga biashara zamani, maana wateja wangu mtu anaweza kushikilia kikombe kimoja mpaka magharibi huku akiimaliza nchi nzima kwa maneno. Ulikuwa mwaka ule baada ya mvua za El Nino, wakati mjini hapa kila mtu alikuwa ama amepunguzwa kazi, ama amefungua kioski, ama yote mawili, na redio haimalizi taarifa ya habari bila kumtaja mwekezaji.

Aliyeanzisha mambo siku hiyo ni Pancha. Jina lake hasa ni Omary, lakini anaziba matairi upande wa pili wa barabara, basi jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Kwao ni Kikokoni, kijiji cha huko Pangani, pale mto unapogawanyika vijito vijito kwenye mikoko kabla ya kumwagika baharini. Alikuja mikono ina grisi, akakaa sehemu yake, nikamsogezea kashata akaikataa. Pancha akikataa kashata, ujue kuna jambo.

PANCHA: Jamani, nisaidieni maneno.

MWEKEZAJI: Maneno tunayo mpaka ya kuuza nje ya nchi. Unataka ya kumtongoza nani?

Huyu Mwekezaji ni Lucky, kijana anayewinda watalii pale mnara wa saa na kuwapeleka kwenye kampuni za safari. Kampuni hana, gari hana, ana miwani ya jua tu, lakini hawezi kusema sentensi mbili bila kumpachika mwekezaji katikati.

PANCHA: Ya kumwambia mama yangu, we mjinga. Si mnajua yuko kwangu wiki hii? Nilimwambia aje kutembea. Basi la kesho alfajiri ndilo la kurudi. Na mimi sitaki arudi.

DOKTA: Ero, kijana! Umemteka mama yako?

Dokta ni Lerionka, Mwarusha wa Engutoto, ana ng'ombe wa maziwa. Udokta wake ni kwamba ugonjwa wowote wa binadamu anautibu kama alivyomtibu ng'ombe fulani, na wagonjwa wake wengi, nasema kweli, wamepona.

PANCHA: Sijamteka. Nimemjengea chumba kule Moshono kwenye kiwanja changu, kitanda kipya, chandarua, kila kitu. Analala humo kama mgeni, ila sijamwambia ni cha kwake. Ulimi unagoma. Mama mwenyewe mnamsikia tu, hamjamwona. Yule hahamishwi kama kabati.

INJINIA: Kwani kuna nini huko kwenu mpaka ahame?

Injinia ni Aminiel, Mmeru, mtu wa Moshono. Alikuwa ofisi ya maji mpaka walipompunguza, na siku hizi analima nyanya. Siku zote baiskeli yake ina jembe lililofungwa kwenye keria na mabuti ya mpira yananing'inia kwenye usukani. Anajua maji, hilo hatumnyimi, tatizo lake ukimuuliza swali dogo anakuanzishia ujenzi wa bwawa.

PANCHA: Kuna bahari. Bahari inapanda, Injinia. Zamani yale maji makubwa ya mwezi mpevu, sisi tunayaita bamvua, yalikuwa yanakuja, yanagusa ukingo wa majaruba ya mpunga, yanarudi zake. Siku hizi yanaingia mpaka ndani bila hodi. Mpunga wa mama uligeuka mwekundu mwaka juzi, mwaka jana haukutoa hata wali wa Idi. Kisima cha chini ukinywa unadhani umekunywa mchuzi. Minazi inakatika vichwa. Mwalimu wa pale anasema ni joto la dunia, barafu za huko ncha za dunia zinayeyuka, maji yote yanakuja kwa mama yangu.

MWEKEZAJI: Noma.

PANCHA: Kila nikisikia mwezi umejaa silali. Naona tu mama yuko ndani na maji yanapita chini ya mlango.

Hapo hata mimi nikaacha kupuliza mkaa. Tunampenda Pancha. Ni mtu anayeziba tairi lako halafu anakusukuma mpaka kilima kiishe. Lakini kijiwe chetu ukikiomba maneno ya kumwambia mama, hakikupi maneno ya kumwambia mama. Kinakupa suluhisho la bahari.

INJINIA: Sikilizeni. Hii ni kazi ndogo. Ni ukuta.

PANCHA: Ukuta gani?

INJINIA: Wa mawe. Moshono mawe yamejaa, malori yanabeba kila siku kwenda kujenga nyumba za watu wawili wawili. Tunayapeleka kule, tunajenga ukuta kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Bahari ibaki upande wake.

DOKTA: Na mto utatokea wapi?

INJINIA: Tunauachia mlango.

DOKTA: Na bahari ikiingilia hapo hapo mlangoni?

INJINIA: Tunaweka mlinzi.

DOKTA: Nilijua tu! Mlinzi mwenyewe ni sisi. Tumelinda maduka, tumelinda hoteli, tumelinda mpaka mbwa wa Wahindi, leo tukalinde bahari. Ikija usiku niipige rungu wapi, Injinia? Bahari ina kichwa?

Mwekezaji alicheka mpaka miwani ikadondoka. Injinia hakucheka, alichukua kokoto akaanza kuchora ukuta chini, na ningemwacha angechora mpaka Msumbiji.

DOKTA: Mimi nawaambia kitu kimoja. Nyinyi mnaogopa chumvi kwa sababu hamna ng'ombe. Chumvi si ugonjwa, chumvi ni mali! Mimi natembea na ng'ombe kutwa nzima kutafuta ardhi yenye magadi walambe. Leo mama Pancha ana shamba zima la chumvi hapo mlangoni, anataka kulikimbia?

PANCHA: Sasa afanyeje?

DOKTA: Tunashusha ng'ombe kutoka Monduli, wote. Wanalamba shamba la kwanza, la pili, wanamaliza kijiji. Mpunga unaota. Na maziwa yanatoka yameshakolea chumvi, huongezi kitu.

PANCHA: Dokta, pale ni tope la mikoko. Ng'ombe wako akizama utamtoa na nini?

DOKTA: Na ng'ombe mwingine.

PANCHA: Na yule mwingine akizama?

DOKTA: Pancha, wewe unataka msaada au unataka ugomvi?

MWEKEZAJI: Oyaa, tulieni. Mmechemsha wote. Mnafikiri kizamani, enzi za foleni ya sukari. Dawa ya bahari ni moja tu. Ibinafsishwe.

INJINIA: Nini?

MWEKEZAJI: Bahari. Ibinafsishwe. Hebu niambieni kitu kimoja kilichobinafsishwa kikaongezeka. Kiwanda kimebinafsishwa, wafanyakazi wamepungua. Kampuni ya mabasi imebinafsishwa, mabasi yameisha. Wewe mwenyewe Injinia, wamesikia tu harufu ya ubinafsishaji wakakupunguza. Sasa mwiteni mwekezaji, apewe bahari. Mwaka wa kwanza anaizungushia wigo, mwaka wa pili inapungua, mwaka wa tatu ni kisima.

DOKTA: Huyu mtoto ana akili.

INJINIA: Na samaki?

MWEKEZAJI: Samaki watapewa barua za kupunguzwa.

Nikacheka mwenyewe, na mimi huwa sicheki kazini kwa sababu nikicheka wanaomba kahawa ya bure. Wakaomba. Nikawamiminia.

INJINIA: Shamsudin, na wewe sema. Unasikiliza tu kama usalama wa taifa.

Nikawaambia mimi dawa yangu ni rahisi kuliko zao zote. Ileteni bahari hapa kwenye jiko langu, muikalie mazungumzo kama mnavyolikalia birika hili, mpaka adhana ya magharibi itakuwa imekauka na bado mtakuwa mnaniuliza imebaki kidogo. Hilo hawakulipenda.

MWEKEZAJI: Au tukiinue kijiji! Mitumba yote inayoshuka bandarini, tusiifungue. Marobota tunayatandika chini, kijiji kizima kinakaa juu ya masweta ya Wazungu. Maji yakipanda, tunaongeza robota.

DOKTA: Na yakilowa?

MWEKEZAJI: Unaanika kijiji.

PANCHA: Jamani! Jamani, basi la kesho ni alfajiri! Mimi nimewaomba maneno, nyinyi mnaniletea masweta! Nikimwacha mama apande lile basi, sijui mvua ya masika itamkuta na nini. Niambieni naanzaje. Naanza na baraza la mbele la chumba? Naanza na kulia?

DOKTA: Lia kwanza. Ng'ombe jike hamwachi ndama anayelia.

Pancha alikuwa hajajibu wakati mwanamke mmoja alipojitokeza kwenye kona ya ghala. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, amejifunga kanga mbili na juu yake amevaa koti la mwanamume la kipupwe, mikono imemzidi. Pancha alimwona, akainuka haraka hadi ubao ukamrusha Mwekezaji.

PANCHA: Mama! Umefikaje huku? Najat yuko wapi?

BI MWANAHALIMA: Mkeo anafua. Mimi nimechoka kuangalia mtu anafua. Nikauliza mziba pancha yuko wapi, watu wote wanakujua, nikaja zangu. Hamjambo wanangu?

WOTE: Shikamoo mama!

BI MWANAHALIMA: Marahabani. Ndo hii kahawa inayokuchelewesha nyumbani?

Nikampa kikombe, nikapangusa sehemu ya Pancha, akakaa. Akanusa, akanywa, akanitazama. Akasema ina tangawizi ya kutosha. Nawaambia ukweli, nimeuza kahawa mjini hapa tangu foleni za sukari, na hakuna aliyewahi kusema hivyo bila kutaka kuongezewa.

MWEKEZAJI: Mama, karibu sana Arusha! Karibu moja kwa moja! Chumba chako cha Moshono ni bomba, mimi mwenyewe nimebeba kitanda!

Pancha alimtazama Mwekezaji kwa macho ya kumziba na yeye mdomo kwa gundi ya tairi.

MWEKEZAJI: Kwani hajaambiwa?

PANCHA: Mama, nilikuwa nataka nikwambie leo usiku. Si kwamba nakulazimisha. Ila kule...

BI MWANAHALIMA: Omary, mimi nimekuzaa. Mtu hamnunulii mgeni wa wiki chandarua kipya na kumpakia rangi ukutani. Tangu siku ya kwanza nimejua, nikasema ngoja nimwone atasema lini.

PANCHA: Sasa unasemaje?

BI MWANAHALIMA: Sijasema. Wewe sema kwanza, si umeleta na mashahidi?

Basi Pancha akalia kweli. Si kwa ushauri wa Dokta, yalimtoka tu. Alisema mama naogopa. Alisema mimi nikiwa huku juu kwenye baridi na wewe uko kule kwenye maji, sijioni kama mtoto wa mtu. Alijifuta machozi kwa mkono wenye grisi, uso ukawa kama wa mwigizaji. Mama yake akachovya ncha ya kanga kwenye maji yangu ya kusuuzia vikombe akampangusa mbele yetu wote, na hakuna aliyethubutu kutania.

DOKTA: Yeyo, mama yetu, baki. Mimi nitakuletea maziwa kila asubuhi, ya moto, yametoka kwa ng'ombe sasa hivi.

INJINIA: Na udongo wa kwetu, mama, ukitema mbegu ya papai, mwakani unakula papai.

MWEKEZAJI: Na bahari hakuna, mama, hata ya kusingiziwa.

BI MWANAHALIMA: Mna maneno mazuri. Baridi yenu lakini! Asubuhi nimetawadha nikaanza kutafuta vidole vyangu kwenye kopo. Hili koti ni la Omary, nimelala nalo.

Tukacheka, naye akacheka, akamega kashata.

BI MWANAHALIMA: Ngojeni niwaambie. Mimi si mbishi. Hata shekhe wetu amehama, yuko Muheza, na nyumba ya jirani yangu imebaki milango tu. Nami ningehama. Lakini tuna kazi tumeianza, wanawake wa pale. Tunapanda mikoko. Unachukua ile mbegu yake ndefu kama kijiti, unaichomeka topeni, lakini si siku yoyote. Mwaka wa kwanza tulikwenda tu, tumejifunga viuno, tunaimba, tukapanda ukingo mzima, kumbe bamvua linakuja. Likabeba yote. Tulikaa ufukoni tunatazama mikoko yetu inakwenda Pemba.

MWEKEZAJI: Mikoko imezamia!

BI MWANAHALIMA: Imezamia bila pasipoti. Mwaka wa pili tukasubiri maji mafu, yale yanayolegea mwezi ukiwa nusu. Tukapanda, ikashika. Sasa imenifika hapa kiunoni. Ikishika inakamata tope, tope likikaa ardhi inanyanyuka yenyewe, kidogo kidogo. Bahari ikipanda na sisi tunapanda. Ndivyo wazee walivyopata lile shamba, hakuna aliyewaletea mawe.

INJINIA: Mimi nilisema ukuta!

DOKTA: Wewe ulisema Mtwara.

BI MWANAHALIMA: Ila tope silitengenezi mimi. Linaletwa na mto. Na mto siku hizi umelegea, baba zangu. Unakuja mwembamba, maji meupe, hauna tope, hauna nguvu. Zamani mto ukisukuma, bahari inasimama kule nje kama mgeni. Siku hizi bahari inasukuma, mto ndio unarudi nyuma. Mikoko yangu inakaa inasubiri. Nasema hivi, nikiondoka sasa nani ataniangalizia? Na nikibaki na mto hauji, si nakaa tu kusubiri maji yanikute? Hapo ndipo ninapokwama. Kichwa kinaniuma kwa hilo, wala si kwa chumba chako, Omary. Chumba nimekipenda.

Hapo Injinia alitazama saa yake. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Monduli na Mlima Meru umevua mawingu. Akainuka, akaanza kuvaa mabuti.

INJINIA: Mama, unisamehe, kama unasafiri nitakuja kukuaga alfajiri stendi. Naiwahi zamu yangu.

BI MWANAHALIMA: Zamu ya nini?

INJINIA: Ya maji. Tuna mfereji kule, wa tangu babu zetu. Kila mtu ana zamu yake. Ikifika saa yako unafungua, unamwagilia, saa yako ikiisha unafunga, anafungua mwenzako. Mimi nina nyanya zimechanua, nikikosa ya leo zimekwisha.

PANCHA: Na mimi kiwanja changu kina zamu, mama. Jumatano. Ukibaki ni yako, unapanda mchicha, bamia, unachotaka.

Tulifurahi wote kwa hilo. Tuliona sasa Pancha amepata lile neno alilolitafuta tangu alasiri. Mama naye alisogea mbele kidogo kwenye ubao, kikombe mikononi.

BI MWANAHALIMA: Kizuri hicho. Na mtu akiwa mroho akachukua na ya mwenzake?

INJINIA: Hathubutu! Kuna kamati. Aikaeli ndiye mwenyekiti, mama yule haogopi mwanamume. Na tuna desturi yetu, hii huikuti kwingine. Mfereji una kichwa na mkia. Sisi wa kichwani ndio tunapata kwanza, wa mkiani wanapata yanayobaki. Sasa wa mkiani akikaukiwa, anachukua jembe lake anapanda kwa miguu kuufuata mfereji, anapita kila shamba anasalimia, mpaka kule juu kwenye banio maji yanapoingilia. Akishafika banio, hata kama ni adui yako, hakuna mtu anayefungua maji mpaka asikilizwe. Ni mwiko. Baba yangu alimwacha ng'ombe anazaa akaenda kumsikiliza mtu wa mkiani.

DOKTA: Hilo ni kweli. Na ng'ombe alikufa.

INJINIA: Alikufa, lakini mtu alisikilizwa.

BI MWANAHALIMA: Watu wazuri nyie. Na maji mnayatoa wapi?

INJINIA: Mtoni, mama. Yanashuka huko Meru.

BI MWANAHALIMA: Na yanayobaki yakishatoka kwenu yanakwenda wapi?

Hapa ndipo Injinia alipofurahi kuliko siku zote. Ofisi ile ya maji haikuwahi kumuuliza swali zuri hivyo. Akakaa tena, akachovya kidole kwenye machicha ya kahawa, akachora kwenye ubao wa benchi, kati ya mama na Dokta.

INJINIA: Huu ni mto wetu. Huu mwingine. Na huu. Yote inateremka, inaingia Kikuletwa. Kikuletwa inaingia bwawani, Nyumba ya Mungu. Ikitoka hapo inakata nyika, inapita Korogwe, inazunguka hivi, halafu inamwagika...

Kidole chake kikafika ukingoni mwa ubao, mahali alipokaa mama. Kikasimama hapo. Mwekezaji alivua miwani.

PANCHA: Pangani.

INJINIA: Ndiyo. Pangani.

BI MWANAHALIMA: Kumbe ni mto mmoja?

INJINIA: Ni mmoja, mama. Lakini si mimi peke yangu! Kuna mashamba makubwa huko chini, kuna bwawa, kuna mifereji mpaka huijui idadi, kuna watu wa...

BI MWANAHALIMA: Sijamlaumu mtu, baba. Wewe una nyanya, zinywe maji. Nami nauliza tu, kwa sababu sikuwa najua kama kuna utaratibu. Basi ikiwa mto ni mmoja, mimi ndiye wa mkiani. Na huku ni juu, nimeshafika. Jembe nimeliacha kwa Najat, lakini nimekuja. Sasa zamu yangu ni lini?

PANCHA: Jumatano, mama, si nimekwambia...

BI MWANAHALIMA: Hiyo ya Moshono nimeisikia, Omary. Naulizia ya Kikokoni. Zamu ya kule ni siku gani? Mnifungulie lini? Nikilijua hilo, leo hii nakwambia kama napanda basi au sipandi.

Alisema kwa upole kabisa, kama anayeuliza saa ya duka kufunguliwa. Akasubiri. Anajua kusubiri yule mama. Dokta alimtazama Injinia, Injinia akamtazama Pancha, Pancha akatazama ile michoro ya kahawa iliyokuwa inakauka kwenye ubao. Mimi nilinyanyua birika nikamwongezea mama bila kuombwa.

DOKTA: Injinia, umeulizwa.

INJINIA: Nimesikia.

BI MWANAHALIMA: Fikirini tu, wanangu. Sina haraka, basi ni alfajiri.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, saa ya zamu ya Injinia ikafika. Kule Moshono maji yalikuwa yanamsubiri. Yeye alikuwa amekaa na mabuti yake miguuni, jembe bado limefungwa kwenye keria, na hakuinuka.